Kurudisha uhai wa sakafu ya ziwa: mwongozo kamili kwa vikundi vya ufuoni, Ghuba la Winam

Mazungumzo ya ufuoni Kisumu, kwenye Ziwa Victoria, huwa ya samaki: mbuta amepungua, ngege anavuliwa mdogo, omena imepanda bei. Chakula cha samaki hao hakitajwi, maana kinaishi kwenye tope na mawe ambako macho hayafiki. Kamongo hutafuna konokono na kome. Okoko hupekua tope akitafuta lava, yaani watoto wa wadudu, na kome wadogo. Mbuta mchanga hukuzwa na uduvi mdogo wa ziwa, yule ambaye Wajaluo humwita ochong'a, pamoja na watoto wa kereng'ende. Sakafu ikifa, nyavu hufuata.

Mwongozo huu umeandikwa kwa BMU (vikundi vya usimamizi wa fuo za uvuvi), vikundi vya vijana na vya akina mama, na walimu walio karibu na maji. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: msinunue wala msihamishe wanyama ili mkawapande ziwani. Ondoeni kinachoua sakafu, ipeni sakafu mahali pa kushikilia, na wengi watarudi wenyewe. Kazi ngumu ni kujua kinachoua ni nini, ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya kupima.

Hatua ya 1: Chagueni kipande kidogo mnachoweza kukilinda

Ghuba la Winam ni la kina kifupi, kwa wastani chini ya mita 10, na huungana na ziwa kuu kupitia mlango mwembamba wa Rusinga. Tuta lililojengwa Mbita miaka ya 1980 lilizuia maji yasipite kati ya kisiwa cha Rusinga na bara mpaka daraja lilipojengwa kuchukua nafasi yake. Maji ya huku Kisumu kwa hiyo hukaa sana kabla ya kubadilishwa. Udongo unaoletwa na Nyando na Sondu-Miriu hutua humu humu, na uchafu wa mjini unaoshuka na Mto Kisat hali kadhalika. Hamtasafisha ghuba zima. Mita 200 za ufuo, kutoka ukingo wa mafunjo hadi kina cha mita tatu hivi, zinatosha kikundi cha watu kumi.

Papo hapo chagueni kipande cha pili kinachofanana na hicho: kina kilekile, tope kama ni tope, changarawe kama ni changarawe. Hicho hamtakigusa. Kitawaonyesha ziwa lenyewe linafanya nini, ili mwaka wa mvua nyingi usije ukahesabiwa kuwa ushindi wenu au kushindwa kwenu. Vikundi vingi huruka jambo hili kwa sababu linaonekana kama kupoteza muda. Bila kipande cha kulinganisha, hamtakuwa na jibu la kumpa anayewauliza kama kazi imezaa chochote.

Kabla ya kuingia majini, wajulisheni viongozi wa BMU na ofisa wa uvuvi wa kaunti. Kitu chochote mtakachoweka ziwani au kubadilisha ukingoni, hata kama ni mawe tu, kinahitaji kauli ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kwanza, maana kingo za mito na fuo za maziwa zinalindwa na kanuni za mwaka 2009. KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, ina kituo Kisumu, na wataalamu wake ndio wa kuwaendea mkikwama kumtambua mnyama. Kaeni pia na wazee. Swali zuri ni hili: "Baba, zamani ukivuta wavu hapa, kitu gani kilikuwa kinanasa ambacho siku hizi hukioni?" Majibu ya kome wakubwa na konokono wa kila aina yaandikeni pamoja na mahali penyewe.

Hatua ya 2: Kichocho, viboko na boti

Sitapita hapa haraka. Kichocho cha matumbo kimejaa fuo za Kisumu, na waosha magari wanaosimama majini mjini wamefuatiliwa na watafiti wa ugonjwa huu kwa miaka mingi. Kimelea hutoka kwa konokono wa jenasi ya Biomphalaria na kupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi iliyosogea hadi alasiri. Fanyeni kazi ya majini mapema, mkiwa na gambuti ndefu na glavu za mpira zinazofika kwenye kiwiko. Ngozi ikilowa, ifuteni kwa taulo kavu kwa nguvu pale pale. Wanaoingia majini mara kwa mara waende zahanati kupimwa, na dawa ni praziquantel. Dawa huua minyoo iliyokomaa lakini haikukingi usiambukizwe tena kesho yake.

Asubuhi na mapema nayo ina hatari yake: viboko huwa wanarudi majini kutoka malishoni. Mtu mmoja asimame ukingoni kazi yake ikiwa kutazama tu. Kwenye boti, kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha, hata yule anayejua kuogelea tangu utotoni.

Hatua ya 3: Kuchota sakafu

Maabara hutumia chombo kiitwacho Ekman: sanduku la chuma lenye taya mbili zinazofunga tope likishafika chini. Saizi ya kawaida ni sentimita 15 kwa 15. Mkiweza kuazima, vizuri. Kama hamwezi, bomba la plastiki lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10 na urefu wa mita moja na nusu linafanya kazi nzuri kwenye maji yasiyozidi magoti. Lisukumeni wima kwenye tope hadi sentimita 15, zibeni mdomo wa juu kwa kizibo cha mpira kisichopitisha hewa, kisha livuteni polepole huku mkono mmoja wenye glavu ukikinga chini. Tope litatoka kama mche mzima, na mtaona tabaka zake: juu rangi ya kahawia, chini nyeusi. Tabaka la kahawia likiwa jembamba mno au halipo kabisa, na tope linanuka yai viza, mmeshapata habari ya kwanza: oksijeni haifiki huko.

Chotea kila sehemu mara tatu, umbali wa hatua chache, na muwe na sehemu zisizopungua tano katika kila kipande. Mimineni tope kwenye kichujio chenye matundu ya nusu milimita na lisukuseni majini taratibu mpaka maji yawe safi. Chandarua kisitumike. Matundu yake ni makubwa, lava wadogo hupita, na kama kimetiwa dawa ya mbu ni kibaya zaidi, kwa kuwa dawa hiyo ni sumu kali kwa wadudu wa majini na uduvi. Utakuwa umeua ulichokuja kuhesabu, pamoja na cha jirani.

Mabaki yamwageni kwenye trei nyeupe yenye maji kidogo, wekeni mwanga upande mmoja, na msubiri dakika mbili bila kugusa. Mwanzoni huoni kitu ila nyuzi za mizizi na vipande vya magamba. Kisha uzi mmoja mwekundu unajikunja umbo la nane. Kipande cha kijiti kinaanza kutembea. Punje iliyodhaniwa changarawe inatoa mguu laini mweupe na kujisukuma. Wachukueni kwa koleo ndogo au kwa kibomba cha plastiki. Wanaohitaji kutambuliwa baadaye watiwe kwenye chupa yenye spiriti ya asilimia 70, na ndani ya chupa iwekwe karatasi iliyoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, kina, jina la aliyechota. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Wengine wote warudisheni majini wakiwa hai.

Kwenye mawe na mimea, bomba halifai. Hapo inueni jiwe moja moja ndani ya ndoo, mlisugue kwa brashi laini, mlirudishe lilipokuwa na upande ule ule juu. Pimeni ukubwa wa jiwe ili muweze kulinganisha.

Hatua ya 4: Kumjua uliyempata

Hamhitaji majina yote ya Kilatini. Makundi haya yanatosha kwa miaka ya mwanzo.

Nyungunyungu wembamba wa tope na lava wekundu wa inzi wa ziwa ndio wavumilivu. Wekundu wa lava hao ni hemoglobini, kitu kile kile kilicho katika damu yetu, nayo huwasaidia kuishi pale ambapo oksijeni ni haba. Kuwapata si vibaya, kwani wamo katika kila ziwa na samaki huwala. Kuwapata wao peke yao, kwa maelfu, ndiyo dalili ya ugonjwa. Lava hao ndio hugeuka yale mawingu meusi yanayoonekana kama moshi juu ya ziwa na kuingia mpaka kwenye vibanda vya samaki.

Watoto wa kereng'ende wana macho makubwa na mdomo wa chini unaokunjuka kama mkono. Watoto wa inzi wa siku moja wana mikia miwili au mitatu myembamba, na vijishavu vinavyopeperuka pembeni mwa tumbo. Mmoja wao, Povilla, huchimba vishimo kwenye mashina ya mafunjo na hata kwenye mbao za mitumbwi, kisha huvitandika hariri. Wakubwa wake huruka siku chache tu karibu na mwezi mpevu, jambo lililoandikwa na watafiti wa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1950. Ukitaka kujua kama yupo kwenu, weka taa ufuoni usiku wa pili baada ya mwezi kujaa.

Konokono wanahitaji umakini zaidi. Mwenye gamba bapa lililojiviringa kama kamba iliyokunjwa sakafuni ni Biomphalaria, wa kichocho cha matumbo. Mshike mwenye gamba la mnara, ncha ikitazama juu na mdomo ukikutazama: mdomo ukiwa kushoto kwako na hakuna kifuniko, huyo ni Bulinus, ambaye naye hubeba kichocho cha kibofu. Mdomo ukiwa kulia, na mnyama akijifungia kwa kifuniko kigumu, ni Bellamya au, akiwa mrefu na mwembamba kama msumari wa parafujo, Melanoides. Hao wawili si wa kichocho cha binadamu. Hesabuni kila kundi peke yake, msiandike "konokono" tu.

Kome nao ni wa namna tatu kuu: Corbicula mdogo wa mviringo mwenye mistari iliyopangana gambani, Caelatura wa umbo la yai, na Mutela mrefu. Tofautisheni aliye hai na gamba tupu. Sakafu iliyojaa magamba matupu ya Mutela bila hata mmoja hai inasema pamewahi kuwa na maisha yaliyokatika.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Bomba la sentimita 10 likichotwa mara tatu hufunika eneo la mita mraba 0.0236, kwa hiyo jumla ya wanyama mliowahesabu zidisheni kwa 42 mpate idadi katika mita mraba moja. Lava 50 ni 2,100. Kwa Ekman ya sentimita 15, mchoto mmoja huzidishwa kwa 44. Andikeni pia makundi mangapi yamepatikana, maana namba hiyo husema mengi kuliko wingi. Wanyama 5,000 wa kundi moja ni sakafu mbovu kuliko 600 wa makundi tisa.

Hatua ya 5: Kutafuta muuaji

Pimeni mambo matatu kila mnapochota. Uangavu wa maji hupimwa kwa sahani ya sentimita 20 iliyopakwa robo nyeusi na robo nyeupe zikipishana, ikishushwa kwa kamba mpaka ipotee machoni. Unene wa tope laini hupimwa kwa fito yenye alama. Oksijeni hupimwa karibu na sakafu, siyo juu, na wakati mzuri ni kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu usiku mwani na mimea hupumua bila kuzalisha. Kipimo cha saa sita mchana kitakudanganya. Chini ya miligramu 2 kwa lita, wanyama wengi hukimbia au hufa.

Kisha linganisheni na mnachokiona. Tope jipya linaloongezeka baada ya kila mvua, maji ya rangi ya chai ya maziwa: tatizo liko juu mtoni na kwenye mitaro ya mashamba. Oksijeni ya chini alfajiri, harufu ya yai viza, gugu maji limeziba juu: mkeka huo unazuia mwanga, na ukioza unakula oksijeni. Wavumilivu peke yao chini ya vizimba vya samaki, na kadiri mnavyoondoka makundi yanaongezeka: ni chakula na kinyesi kinachotua. Sakafu iliyolainika kama imefagiliwa, mawe yamepinduliwa, hakuna kome: uliza nani anavuta kokoro, wavu wa kuburutwa hadi ufuoni, usiku. Kokoro limepigwa marufuku Kenya kwa sababu ya samaki wachanga, lakini linachokwangua chini ni hasara kubwa vile vile. Uchotaji mchanga huenda mbali zaidi kwa kuwa unaondoa sakafu yenyewe.

Hatua ya 6: Kuponya

Anzeni na kinachoburutwa. Kikao cha BMU kikubaliane juu ya kipande kisichovutwa kitu wala kuchotwa mchanga, kiwekewe maboya, na walinzi wawe wale wale wanaovua jirani. Hii ndiyo hatua ya gharama ndogo, na mara nyingi ndiyo yenye matunda mengi. Wenye vizimba waombwe kuvisogeza kwenye maji yenye kina na mkondo, na kupunguza chakula kinachobaki.

Mafunjo yanafuata. Ukanda wa mafunjo hukamata udongo na kunyonya rutuba kabla haijafika kwenye maji ya wazi, na mizizi yake ni makazi. Kateni vipande vya shina la chini vyenye machipukizi mawili au matatu, mvipande kwenye tope la ukingoni au maji yasiyozidi sentimita 30, mita moja kati ya kipande na kipande, mwanzo wa mvua. Mbuzi na ng'ombe ndio adui wa miezi ya kwanza, kwa hiyo uzio uwepo. Ziwa lilipofurika mwaka 2020, fuo nyingi zilimezwa, na hivyo pandeni kwa mteremko ili maji yakipanda au yakishuka ukanda fulani usalie. Akina mama wanaosuka mikeka na vikapu wahusishwe tangu siku ya kwanza: kata sehemu, acha sehemu, kwa zamu za karibu mwaka mmoja. Anayepata riziki kwenye mafunjo huyalinda kuliko bango lolote.

Mawe huwekwa pale tu ambapo fito imeonyesha sakafu ngumu. Kwenye tope laini yatazama, na mtakuwa mmepoteza nguvu na pesa. Yatumike mawe ya asili yaliyooshwa, ya ukubwa wa kichwa cha mtoto mpaka karai, yakiachiwa nafasi katikati, mbali na njia ya boti na mahali pa kutegea nyavu. Vifusi vya ujenzi, matairi na saruji mbichi viacheni nchi kavu.

Sasa suala la kuleta wanyama. Mfano upo hapa hapa Kenya, Nakuru upande wa Naivasha. Kamba mwekundu kutoka Marekani aliingizwa katika Ziwa Naivasha mwaka 1970 kwa ajili ya uvuvi, na ongezeko lake liliambatana na kutoweka kwa mimea iliyokuwa ikikua chini ya maji. Hawezi tena kuondolewa. Kwa hiyo mtu akiwaletea kamba, konokono au kome wa kutoka ziwa jingine, hata kwa nia njema ya kupambana na kichocho, mkataeni.

Hata kome wa hapa hapa hawahamishwi kiholela. Lava wa Caelatura na Mutela hawawezi kukua bila kujishikiza kwanza kwa samaki. Mutela wa ziwa letu amechunguzwa akitumia fwani, samaki anayepanda mito kutaga. Kumwaga kome mahali ambapo fwani hafiki ni kuwapa makazi ya uzee bila watoto. Kurudisha kome maana yake ni kumwachia fwani njia: midomo ya mito isizibwe na nyavu wakati wa mvua, anapopanda.

Na konokono wa kichocho? Mimea mingi majini huwapa makazi, na gugu maji hubeba Biomphalaria kutoka ufuo mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo mafunjo yasipandwe mahali watu wanapoteka maji, kufua au kuoga. Hapo ondoeni gugu maji na majani, mkitumia reki ndefu na glavu, myalundike mbali na maji yawe mbolea. Nchini Senegal, watafiti walioondoa mimea ya majini kwenye vituo vya kuchotea maji waliona maambukizi ya watoto yakipungua, na mimea ile ikawa mboji na lishe ya mifugo. Makala yao ilitoka mwaka 2023. Ikiwa hesabu yenu inaonyesha Biomphalaria wanaongezeka karibu na njia za watu, simamisheni upandaji mara moja na mjulisheni ofisa wa afya ya jamii. Afya ya watoto iko mbele ya kome.

Hatua ya 7: Kurudi kupima

Choteni mara nne kwa mwaka, kabla na baada ya mvua ndefu, kabla na baada ya mvua fupi, kwenye vipande vyote viwili, siku zinazofuatana. Mwaka mzima wa vipimo kabla ya kuweka jiwe la kwanza ndio bora. Angalau msimu wa mvua na wa kiangazi viwepo.

Wadudu ndio watangulizi, maana wakubwa wao huruka na kutaga popote panapofaa. Kereng'ende na inzi wa siku moja wakionekana kwenye kipande chenu na siyo kwenye kile cha kulinganisha, njia ni sahihi. Konokono wenye kifuniko na kaa hufuata kwa kutambaa. Kome ni wa mwisho na ni wa miaka. Mkimpata mmoja mdogo, mwenye urefu wa ukucha, akiwa hai, mpigeni picha karibu na rula mkamrudishe, kwa sababu huyo amezaliwa baada ya ninyi kuanza.

Misimu miwili ya mvua ikipita bila kundi jipya hata moja, msiongeze mawe wala mafunjo. Rudini hatua ya 5 na kipimo cha oksijeni cha alfajiri, mpime siku saba mfululizo, zikiwemo zile za baada ya upepo mkali. Upepo huweza kusukuma maji yasiyo na hewa kutoka kwenye kina hadi ufuoni kwa saa chache tu, na saa hizo chache zikatosha kuua kila kilichokuwa kimeanza kujenga.